Miaka Kumi na Mitatu Niliyompunguzia Bibi

Shule niliiacha kidato cha pili, au shule iliniacha mimi. Tukiulizwa, kila mmoja atakuwa na hadithi yake. Hesabu niliyotoka nayo ni ile ya kujumlisha na kutoa. Tulikuwa hatujafika mahali pa kupendana na ile nyingine. Lakini mdomo nilipewa. Watu wa Mjambere watakwambia kwamba nikienda matangani, waliofiwa huniweka karibu na mlango, ili nikianza kuongea nitolewe upesi kabla mwenye maiti hajacheka.

Mdomo huo ndio ulionipa kazi ya mikopo. Nilikuwa nanadi mitumba sokoni, nimesimama juu ya meza nimevaa sidiria ya mtu mnene juu ya shati langu, wanawake wamejaa wanajishika mbavu. Akapita kijana mmoja wa bara, mpole, soksi zake za rangi rangi. Kumbe ni meneja wa kampuni ya mikopo, ofisi yao vyumba viwili juu ya duka la mabati. Akanisubiri mpaka nimalize.

"Wewe ndiye ninayekutafuta," akasema. "Wafanyakazi wangu wana vyeti, lakini wakiongea na kina mama, kina mama wanaenda zao."

Nikamwambia vyeti mimi sina hata kimoja, labda cha kuzaliwa, na hicho chenyewe kimeliwa na mchwa. Akacheka. Wiki iliyofuata nilikuwa na tisheti ya kijani na simu ya kazi.

Kazi ilikuwa nyepesi. Niende kwenye vyama vya kina mama, niwachekeshe, kisha anayetaka mkopo nimjazie fomu kwenye ile simu: jina, nambari ya kitambulisho, mwaka wa kuzaliwa, biashara yake. Mwisho kabisa wa fomu kulikuwa na kijisanduku kidogo kimeandikwa bima ya mkopo. Maana yake, mkopaji akifa, au akiumia akashindwa kufanya kazi, bima ndiyo itamlipia deni. Ada yake huongezwa juu ya mkopo, na riba huhesabiwa kwa vyote viwili.

"Hicho kijisanduku usiwaulize," meneja alinifundisha. "Weka alama uendelee. Ukiuliza watasema hawataki."

Mkopo wenye bima ulinipa kamisheni nzima. Usio na bima, nusu. Hapo sasa hata mimi wa kidato cha pili hesabu niliielewa.

Wengine walikuwa wakiiona ile alama na kuuliza. Mama mmoja wa msikitini aliniuliza, "Na bima si haramu?" Nikamjibu bila kupepesa, "Mama yangu, hii ni kama ule mfuko wetu wa sanda. Kila nyumba yatia kidogo, msiba ukija watu hawahangaiki." Mfuko wa sanda kila mtu wa mtaani kwetu anaujua na anauheshimu. Akatulia. Mwingine aliuliza kama ni lazima. Nikamwambia, "Fomu haiendi bila hiyo." Fomu ilikuwa inakwenda vizuri sana. Nilisema uongo, tena kwa sauti ile ya daktari anayekwambia usile chumvi.

Sasa nije kwa bibi.

Si bibi yangu wa damu. Ni shoga wa marehemu nyanya yangu, mtu wa kwao hapa hapa, anakaa Magogoni kwenye nyumba ya makuti iliyogeuzwa mabati. Na kwetu bibi ni mtani. Mjukuu wa kiume ni mume wake. Bibi atamdai matumizi, atamtukana, atamwita mchoyo, na mjukuu atajibu vivyo hivyo, na hakuna anayekasirika. Mimi na huyu bibi tulikuwa maarufu. Watu walikuwa wakiacha shughuli zao waje wasikilize.

"Hodi mke wangu!"

"Mume hapigi hodi kwake. Siku tatu wewe u wapi? Umeoa?"

"Nitaoa na nini, na wewe umenimaliza pesa?"

"Pesa gani? Mahari yenyewe yangali kwako. Nenda zako, mwanamume wa maneno matupu."

Bibi alikuwa akiuza barafu za ukwaju na za maziwa, na sharbati watu wakiwa na harusi. Barafu alikuwa akigandisha kwa jirani, na jirani akipandisha bei kila mwezi. Alikuwa anataka friza lake mwenyewe. Nikamwambia mke wangu, umeolewa na benki na hujui. Nikaketi naye barazani, nikatoa simu, nikaanza kujaza. Alikuwa akikopa shilingi elfu sitini. Binti yake, anayeuza kwenye duka la dawa na ndiye anayekaa naye, alikuwa ndani anakuna nazi, anatusikia.

Tukafika kwenye umri. Akanipa kitambulisho. Nikapiga hesabu: miaka sabini na mmoja.

"Sabini na mmoja? Wallahi mke wangu, nikiandika hivi watasema nimeoa nyanya yangu."

"Basi andika upendavyo. Mke ni wako."

"Hamsini na minane."

"Hebu punguza tena."

"Nikipunguza tena itabidi niende nikakupose kwa babako."

Binti alicheka huko ndani mpaka akaangusha mbuzi ya nazi. Bibi akatia kidole chake kwenye kioo cha simu, mahali pa sahihi. Nikatia alama ya bima. Kazi ikaisha. Alinipa barafu mbili za bure na kuniambia hiyo ndiyo kodi ya nyumba.

Friza lilikuja kwa mkokoteni, jeupe, likawekwa sebuleni kama bi harusi. Bibi alilifunika leso. Miezi saba alilipa bila kukosa hata siku moja. Siku ya kulipa ikifika alikuwa akinipigia simu mwenyewe: "Njoo uchukue matumizi yako, hohehahe."

Mwezi wa nane aliteleza uani alipokuwa akifua, akavunjika nyonga.

Hospitali walimfanyia upasuaji, akarudi nyumbani akalazwa chumba cha mbele. Daktari alisema miezi mitatu, minne, asisimame bila mtu. Barafu zikasimama. Binti mshahara wake ukaishia kwenye dawa na tuktuk za kliniki. Mwezi mmoja wa mkopo ukapita bila kulipwa, na wa pili. Lakini binti hakuwa na wasiwasi, kwa sababu mama yake ana bima, na siku friza lilipokuja mimi mwenyewe niliwaambia kwa mdomo wangu huu: ukianguka wewe, bima yasimama. Akapeleka karatasi za hospitali ofisini.

Jibu lilikuja kwa ujumbe wa simu. Dai limekataliwa. Mkopaji alitoa taarifa za uongo kuhusu umri wake. Bima haimchukui mtu aliyepita miaka sitini na mitano. Kwa hivyo bima imefutwa na ada haitarudishwa. Deni lilipwe pamoja na faini, na baada ya siku thelathini friza litachukuliwa.

Binti alinipigia nikiwa nakula. "Njoo," akasema, akakata.

Nilimkuta amesimama mlangoni na simu mkononi. "Hamsini na minane," akasema. "Kitambulisho kinasema sabini na mmoja, fomu inasema hamsini na minane. Mamangu anaitwa mwongo. Na aliyeandika ni wewe."

"Dada, nilikuwa namtania. Wewe ulikuwepo, ulisikia."

"Nilisikia utani. Sikujua unauandika."

Kutoka kitandani bibi akaita, "Mwache mume wangu! Yeye alinitania na mimi nikamwambia apunguze. Makosa ni yangu nusu." Kisha akacheka, cheko la mtu ambaye akicheka nyonga inamchoma. "Hao watu wa kampuni hawana bibi? Hawajui utani?"

Nikacheka pamoja naye. Nilicheka, huku natazama mlango wa kutokea.

Maana nimekusimulia ile siku ya fomu kama nilivyomsimulia kila mtu, na haikuwa hivyo. Kuna kipande nimekiruka. Nilipoangalia kitambulisho chake mara ya kwanza, niliandika mwaka wake wa kweli. Nikaweka alama kwenye bima, na simu ikagoma. Maandishi mekundu yakatokea: mteja amepita umri wa bima. Ningeweza kuiondoa ile alama. Bibi angepata mkopo wake ule ule, tena kwa gharama ndogo, na mimi ningepata nusu ya kamisheni. Nilikaa nikiyaangalia yale maandishi mekundu kama muda wa kumeza mate. Halafu nikafuta mwaka, nikainua kichwa, ndipo nikasema, "Wallahi mke wangu."

Uongo ulitangulia, utani ukaja nyuma kuufunika. Bibi alifikiri tunacheza, kumbe mimi nilikuwa kazini. Na nilichopata ni shilingi mia tano za ziada. Nakumbuka hata nilizifanyia nini: nilinunua kuku wa kukaanga na viazi, nikala peke yangu, nisigawane na mtu.

Nilikwenda kwa meneja. Nikamwambia tumfikirie yule mzee, bima hakustahili kuuziwa hata siku moja, basi wamrudishie ada yake na riba yake na wafute hizo faini.

Meneja aliipandisha miguu yake juu ya meza, na soksi zake za rangi rangi. "Mteja ametia sahihi. Sahihi ni yake, uongo ni wake."

"Na kama uongo si wake?"

Akanitazama. "Kama ni wa ajenti, kampuni inarudisha pesa, na ajenti anafutwa kazi, na pesa zinakatwa kwenye kamisheni zake. Uko na mtoto, sivyo?"

"Ninaye."

"Basi usinisimulie mambo nisiyoyauliza."

Nikashukuru. Hebu fikiria, nilimshukuru. Nikashuka zile ngazi, nikanyamaza siku kumi na moja. Njia ya kupita kwa bibi niliihama, nikawa nazunguka nyuma kwenye uwanja wa mpira, nachomwa na jua kama mwizi wa kuku. Kwenye vyama nilikuwa nachekesha kuliko zamani. Kijisanduku, wacha nikwambie ukweli, niliendelea kukitia alama. Siku kumi na moja zile niliuza bima nne.

Siku ya kumi na mbili meneja alinituma. Watu wawili wa kampuni walikuwa wanakwenda kukagua friza, wapige picha, waandike nambari yake, ili zile siku thelathini zikifika lichukuliwe bila maneno. Hawakuijua nyumba. Aliyeijua ni mimi.

Binti alikuwa kazini. Bibi alikuwa ameketi kwenye kiti, chuma cha kutembelea mbele yake. Alipotuona uso ulimfunguka.

"Karibuni, karibuni. Mume wangu umekumbuka kwako leo? Nyinyi baba zangu, ketini. Jua kali. Fungueni friza hilo, kumebaki barafu mbili tatu za ukwaju za kabla sijavunjika, chukueni mnywe."

Wale jamaa walitazamana. Mmoja akafungua friza, akatoa barafu, akaanza kuifyonza huku mwenzake anapiga picha nambari ya nyuma. Bibi akamwambia yule anayepiga picha, "Huyu mliyekuja naye ni mume wangu. Kazi yake naijua mimi. Ana mdomo, lakini moyo wake mweupe. Mkiona amekosa, msameheni, ni ujana."

Walimaliza wakaondoka. Mimi nilibaki, nikajifanya nafunga kamba ya kiatu. Nilikuwa nimevaa ndara.

"Una nini?" bibi akaniuliza. "Hujanitukana tangu uingie."

Nikamwambia. Nilianza kwa njia yangu, nikaweka mzaha hapa na pale, kwamba simu ilikuwa nyekundu kama mdomo wa bi harusi, kwamba mimi na hesabu tangu zamani hatuelewani. Akanisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, taratibu, "Rudia. Usinichekeshe."

Nikarudia. Bila mzaha maneno yalikuwa machache sana. Yaliisha kabla sijavuta pumzi ya pili.

Bibi alitazama friza, si mimi. "Kwa hivyo uliponambia hamsini na minane, tulikuwa hatutaniani."

"Hatukuwa."

"Na mimi nikakwambia punguza tena. Binti yangu akacheka huko jikoni. Sote tulikuwa twacheka, na wewe wafanya biashara."

Nilisema nisamehe, mke wangu. Aliniambia, "Kijana, nenda kamwite binti yangu kazini. Yeye asoma, atajua la kufanya." Kijana. Kama anavyomwita muuza maji.

Binti hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Alipiga simu makao makuu ya kampuni, akauliza utaratibu wa malalamiko, akaandika kila kitu kwenye kipande cha boksi la dawa. Ilikuwa fomu ya kurasa mbili. Ukurasa wa kwanza mteja anaeleza. Ukurasa wa pili ajenti anaeleza kwa mkono wake mwenyewe, na wanachama wawili wa kikundi cha mteja wanatia sahihi kwamba wamemsikia akikiri mbele yao na hakulazimishwa.

"Kikundi cha mamangu kinakaa Jumamosi," binti akasema. "Utakwenda useme. Na usipokwenda, mimi nitakwenda niseme, na nitasema vibaya zaidi."

Jumamosi baada ya alasiri nilikuwa uani kwa mwenyekiti wao. Mwenyekiti ni Mgiriama, muuza viazi karai, sauti yake inatoka Kisauni inafika ng'ambo bila kivuko. Wanawake kama ishirini, wamekaa kwenye mikeka. Bibi aliletwa kwa tuktuk. Walimwambia asije, akasema atakuja hata kwa machela. Wakamkalisha kwenye kiti cha plastiki, chuma chake pembeni.

"Haya, mchekeshaji kaja!" mwenyekiti akapiga makofi. "Leo unatuletea nini? Na hiyo sidiria umeiacha wapi?"

Nikasimama. "Leo nimekuja kusema kosa langu. Nimemdanganya huyu bibi."

Kicheko.

"Umemdanganya utamuoa?" mmoja akauliza.

"Mahari kakimbia nayo!" mwingine akadakia.

"Sikilizeni. Niliandika umri wa uongo kwenye fomu yake ili nimuuzie bima isiyomfaa, nipate kamisheni."

Walizidi kucheka. Mama mmoja alilala chali kabisa. "Angalia anavyokunja uso! Huyu mtoto angekuwa kwenye televisheni!" Na mimi, Mungu anisamehe, nilihisi ule utamu. Watu ishirini wanacheka kwa sababu yangu, mdomo ukaanza kuniwasha, nikawa na neno tamu kabisa liko ncha ya ulimi. Ningelisema, tungecheka sote, nikakunja fomu nikaenda zangu nikasema nilijaribu.

"Msicheke."

Bibi hakusema kwa sauti kubwa. Alikuwa ameshika kile chuma kwa mikono miwili.

"Msicheke," akasema tena. "Hatanii. Mwambieni arudie ile ya simu."

Nikarudia ile ya simu. Maandishi mekundu, mwaka niliofuta, mia tano, kuku. Nilisema hata kuku. Uani kukawa kimya, mafuta ya viazi tu ndiyo yaliyokuwa yanaongea huko jikoni.

Mwenyekiti ndiye wa kwanza kufungua kinywa. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Mimi nilikuuliza kama bima ni lazima. Uliniambia fomu haiendi."

"Ilikuwa inaenda, mama."

"Na mimi ukanambia ni kama mfuko wa sanda," yule mama wa msikitini akasema. "Sanda, wewe! Umelitia jina la sanda kwenye uongo!"

Hapo nikatukanwa. Sitayaandika, mengine yalikuwa kwa Kigiriama na namshukuru Mungu sikuyaelewa yote. Walipochoka nikatoa ile fomu na kalamu, nikaomba watu wawili watie sahihi ili bibi arudishiwe pesa yake na friza lisichukuliwe.

Hakuna aliyenyoosha mkono.

"Karatasi yako?" mwenyekiti akasema. "Mimi kidole changu kwenye karatasi yako? Mara ya mwisho nilipotia kidole, nimelipa mwaka mzima kitu nisichokijua."

"Nani anajua imeandikwa nini humo," mwingine akasema. "Labda twakopa tena."

"Nisomewe na mtu mwingine!"

Walikuwa na haki. Nilikuwa nimewafundisha mwenyewe kutia sahihi bila kusoma, sasa wamefuzu. Binti akaichukua fomu, akaisoma yote kwa sauti, neno kwa neno, hata yale maandishi madogo ya chini. Alipomaliza, bado mikono ilikuwa kwenye mapaja.

Bibi akasema, "Mwenyekiti, hiyo si karatasi yake. Ni yangu. Jina langu ndilo lililoandikwa mwongo."

Mwenyekiti akafuta mikono yake kwenye leso, akachukua kalamu. Alitia sahihi polepole, ameuma ulimi, herufi moja moja. Yule mama wa msikitini akafuata. Kisha akanirudishia kalamu akiishika kwa ncha, kama mtu anayetoa panya mfu.

Meneja alinipigia Jumatano. "Umejichoma mwenyewe," akasema. Nilirudisha tisheti ya kijani na simu ya kazi, kamisheni zangu za mwezi zikakatwa zote, na Jumatatu nikapanda tena juu ya meza ya mitumba. Mke wangu wa kweli, yule wa nyumbani, alinuna wiki mbili. Alisema ningeweza kutubu mwisho wa mwezi.

Bibi, kampuni ilimjibu baada ya majuma matatu, na muda huo wote friza liliachwa lilipo. Siku hiyo binti aliniita, na nilikwenda nimebeba ndizi, kama mkwe. Nilimkuta bibi barazani, na mwenyekiti ameketi kando yake anachambua ukwaju kwenye sinia. Tangu ile Jumamosi mwenyekiti alikuwa akija kumsaidia barafu, wagawane faida mpaka nyonga ikae sawa.

Binti alisoma ujumbe. Ada ya bima inarudishwa, na riba iliyotozwa juu yake. Faini zimefutwa. Mkopo uliobaki umepewa miezi sita zaidi. Neno taarifa za uongo limeondolewa kwenye jina la mteja. Kwamba bima ingemlipia deni, hilo halikuwepo. Lisingekuwepo kamwe, umri ulikuwa umepita kabla sijamfikia. Deni lilibaki lake alipe.

"Soma hapo pa jina," bibi akasema.

Binti akasoma tena.

"Limeondolewa?"

"Limeondolewa, mama."

Bibi akaitikia kwa kichwa mara mbili. Pesa hakuuliza ngapi. Nilisimama pale na ndizi zangu, nasubiri sijui nini, labda nitukanwe kidogo. Ningelipa hata pesa ili nitukanwe. Alizitazama zile ndizi, akamwambia binti azipokee aziweke ndani. Akaniambia asante, na Mungu akuzidishie. Maneno mazuri kabisa, ya heshima, unayomwambia mtu mliyekutana njiani.

Nikaaga. Nilikuwa nimeshuka kidato kimoja cha baraza aliponiita.

"Njoo hapa. Huyu mwenyekiti naye ulimtilia ile alama?"

"Nilimtilia."

"Yake yaweza kurudi kama yangu?"

"Nadhani yaweza. Nilimwambia ni lazima, na haikuwa."

"Basi mwandikie." Akasogeza chuma chake nipate nafasi ya kukaa. "Na nani tena?"

Mwenyekiti aliacha kuchambua ukwaju. Binti alitoka ndani, ameshika daftari la shule na kalamu, akasimama mlangoni ananingoja. Nilijaribu kukumbuka nianzie wapi. Miezi kumi na tisa ya kazi, Magogoni, Mjambere, mpaka kule juu Bamburi, vyama vyote vile, na kila fomu nilikuwa nimeitia alama.

"Anza na walio karibu," bibi akasema.

Nikaanza na nyumba ya pili kutoka hapo.